Wasifu wa babu tuliousoma kanisani uliruka miaka minane. Naomba niijaze hapa (uzi mrefu)

Mjukuu_wa_Kota

Wakuu, salaam. Mwenye haraka apite tu, uzi ni mrefu na hauna umbea wa mjini.

Babu yangu mzaa baba alifariki Novemba 2023 akiwa na miaka 86. Tulimzika Machame, kihambani (shamba la ukoo penye nyumba), hatua chache kutoka kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walijaa hadi njiani, bendi ya tarumbeta ilipiga mpaka midomo ikavimba, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu. Sikuuandika mimi. Uliandikwa na baba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, usiku wa kuamkia mazishi, kwenye karatasi mbili zilizochanwa daftari la mwanawe. Nilichaguliwa kusoma kwa sababu, walisema, sauti yangu inafika nyuma na silii ovyo.

Basi nikasoma. Alizaliwa 1937. Alibatizwa, akapata kipaimara, akasoma hadi darasa la nane. Mwaka 1957 aliajiriwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kituo cha Moshi. Mwaka 1964 alihamishiwa Morogoro. Sentensi iliyofuata ikawa hii: "Mwaka 1972 alimpokea Bwana, akaanza kumtumikia kwa tarumbeta hadi alipoitwa."

Hapo bibi, aliyekuwa mstari wa mbele kabisa amejitanda kanga katikati ya wanawake wenzake, akakohoa. Wakamletea maji. Mimi namjua bibi yangu. Kile hakikuwa kikohozi cha kutaka maji.

Kutoka 1964 hadi 1972 ni miaka minane. Kijana wa miaka 27, ana mshahara, ana tarumbeta, yuko Morogoro. Morogoro ya wakati ule! Watu wazima humu wameshaelewa.

Naendelea jioni nikitoka kazini.

Kiti_cha_Dirishani

Nimekaa. Ila mkuu usituache stesheni kama yule wa uzi wa jini la Tanga, mpaka leo tunamsubiri.

Chumvi_ya_Pwani

Pole kwa msiba mkuu. Hiyo kota ni kota ipi?

Mjukuu_wa_Kota

Ahsanteni. Kota za reli Morogoro, baba yangu alizaliwa pale. Na mimi si mkuu, ni dada yenu, ila endeleeni tu nimeshazoea.

Naanza na tarumbeta, maana ndilo lililombeba kila alikokwenda.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakajenga Nkwarungo. Walikuja na Biblia na shule, vyombo vya shaba vikafuata. Mpaka babu anazaliwa, tarumbeta huku mlimani lilikuwa kitu cha kawaida kama kengele. Ukioa unapigiwa, ukifa unapigiwa. Na alfajiri ya Pasaka, jua halijatoka, watu wanakwenda makaburini na tarumbeta zinapigwa pale juu ya waliolala, kwamba Bwana amefufuka. Mtoto akiisikia sauti ile ikitoka gizani, ndani ya ukungu, ama anamkimbilia mama yake ama anataka naye apulize. Babu alitaka kupuliza.

Lake alipewa akiwa na miaka 14. Lilikuwa mali ya usharika (shikeni hapo, mali ya usharika, tutarudi), lina bonde ubavuni kama lilipigwa teke na punda. Aliyekuwa nalo kabla yake alikuwa amekimbilia Tanga kwenye mkonge. Mazoezi nyumbani yalikuwa ugomvi. Ng'ombe wetu Wachaga wanafugwa bandani, wanakatiwa majani, na kwa maelezo ya mama yake, jioni ambayo yeye alipuliza maziwa yaligoma kushuka. Akaambiwa ampeleke huyo "mbwa wake" mtoni. Akawa anapulizia mtoni, na ndiyo sababu, alituambia, pumzi yake ilikomaa: ukitaka kujisikia kando ya maji yanayoporomoka kutoka Kilimanjaro, lazima utoe ya tumboni.

Reli ikamchukua 1957. Alianza na ufagio na kubeba mizigo, baadaye akawa shanta. Kwa msiojua, shanta ndiye anayepanga mabehewa. Treni haijipangi yenyewe: hili la magunia ya kahawa ya KNCU, ushirika wetu wa wakulima, linakwenda bandarini, lile linabaki Korogwe, hili bovu liondolewe katikati. Dereva haoni kinachotokea mkiani, kwa hiyo anaendeshwa na mkono wa shanta. Mchana bendera, usiku taa. Mkono ukienda hivi, njoo. Ukishuka pole pole, taratibu. Ukikatwa, simama. Kosea kidogo na kuna mwenzio kati ya mabehewa mawili. Babu hakuwa na mikono ya kuchezacheza. Hata akikuonyesha kilipo kikombe cha chai, mkono ulinyooka ukatulia hewani mpaka umekiona.

Mwaka 1964 ikaja barua ya uhamisho. Akaenda kwa mchungaji kuaga na kuomba jambo moja: aende na tarumbeta. Walutheri wa Morogoro ni wachache, alisema, hawana bendi, yeye ataianzisha. Mchungaji akaona hilo ni neno jema. Ikaandikwa kwenye daftari la mali za usharika. Babu akapanda treni hadi Dar es Salaam, akabadilisha, akafika Morogoro.

Behewa_la_Tatu

Dada, uzi mtamu, ila hapo mwisho sahihisha. Baba yangu alikuwa gadi, nimelala ndani ya hizo treni kuliko nilivyolala kitandani. Zamani reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuungana ndani ya Tanganyika, kila moja ilikuwa na bahari yake. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Mnyusi pale karibu na Korogwe hadi Ruvu, kilifunguliwa 1963. Kwa hiyo mtu wa Moshi wa 1964 hana haja ya kufika Dar. Anashuka Ruvu, anangoja ya kwenda bara. Na Ruvu kungoja kwenyewe ni mbu.

Mjukuu_wa_Kota

Behewa umenimaliza. Nimempigia bibi sasa hivi. Anasema ndiyo, ni Ruvu, na ni pale alipouziwa mayai ya kuchemsha, moja likawa na kifaranga ndani. Hadithi ya yai naijua tangu mdogo, miaka yote nilidhani ni uhuni wa Kariakoo. Nawaomba radhi watu wa Dar.

Kiti_cha_Dirishani

Radhi haijapokelewa. Endelea.

Mjukuu_wa_Kota

Sasa picha.

Tulipoanua matanga tulifungua sanduku lake la bati. Humo mlikuwa na kitabu cha kanuni za reli cha Kiingereza, kimekatika mgongo, na ndani ya kitabu, picha. Wanaume sita, mashati meupe, tai za kipepeo. Wawili wana magitaa, mmoja kakalia ngoma, mmoja kashika manyanga, mmoja saksofoni. Wa mwisho kulia, kiatu mbele kidogo kama anataka kuondoka, ni babu na tarumbeta lenye bonde. Nyuma imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Moro, Idi 1968."

Mlutheri wa Machame, na chombo cha madhabahuni, kwenye dansi la Idi.

Vijana wa humu, naomba mnielewe Morogoro ilikuwa nini. Mji mdogo chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa na bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba kwa wakati mmoja, na mashabiki wa hawa hawakopeshani chumvi na mashabiki wa wale. Salum Abdallah, yule wa Cuban Marimba, alifariki kwa ajali ya gari 1965. Babu alikuwa na mwaka mmoja tu mjini, na bibi anasema siku hiyo hata watu wa kota walisahau kupika. Juma Kilaza akaishika bendi. Upande wa pili, miaka hiyohiyo, akaibuka Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake, akaifikisha Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya 1970. Yaani uko kwenye mji ambao jirani yako anakwenda Japani kupiga gitaa! Utakaa ndani na tarumbeta lako ukisubiri Jumapili?

Bendi ya babu haikuwa hizo. Ilikuwa ya wafanyakazi, ndogo, haikurekodi hata wimbo mmoja. Jina bibi ananitajia mawili tofauti kutegemea siku, kwa hiyo nayaacha. Walipiga pale bendi kubwa zinaposafiri, na kwenye sikukuu. Wapiga magitaa walishika kwa sikio, wamelelewa na santuri za Kikyuba za GV. Babu ndiye pekee aliyesoma noti. Na hapa ndipo pananifurahisha mimi kuliko pote: tenzi za Kijerumani za sauti nne ndizo zilizomsaidia kwenye cha-cha-cha. Mwenye saksofoni akishika sauti ya kwanza, babu alijua ya pili inakaa wapi bila kuambiwa, maana ameikalia tangu miaka 14. Vyombo vingi vya bendi za enzi ile vilikuwa mali ya klabu, mpigaji akigombana na uongozi anaondoka mikono mitupu. Babu alikuja na chake. Akawa mtu muhimu.

Chake, yaani cha usharika.

Mche_wa_Mwerezi

Dada, samahani, nitasema kinachonikera. Mzee aliacha ya dunia, akamtumikia Mungu miaka hamsini, familia ikaona vyema kutoyataja hayo. Wewe unafukua kwa faida ya nani? Tena unaandika kwa kuchekelea kwamba chombo kilichowekwa wakfu kilipelekwa kwenye ulevi. Mheshimu marehemu.

Chumvi_ya_Pwani

Mwerezi naye. Ulevi umetoka wapi? Kasema dansi.

Mche_wa_Mwerezi

Dansi la Idi la 1968 watu walikunywa soda?

Mjukuu_wa_Kota

Mwerezi, sijakasirika, na swali lako ndilo la baba mkubwa pia. Nijibu hivi. Kama ningekuta babu aliiba au alimpiga mtu, ningenyamaza. Nilichokuta ni kwamba alikuwa na furaha. Mimi nilimfahamu mzee mkimya wa besi (lile tarumbeta kubwa la sauti nzito), anayekunja nguo zake mwenyewe. Ile picha anacheka meno yote nje. Sikuwahi kumwona hivyo, na kuna sababu yake, nakuja.

Tuisheni_ya_Bure

Subirini. Tarumbeta lina bonde kushoto, sanduku la bati, mayai ya Ruvu. Dada wewe ni mtoto wa baba mdogo wa Mbezi??

Mjukuu_wa_Kota

Wewe nani?

Tuisheni_ya_Bure

Mwenye daftari lililochanwa karatasi mbili. Daftari la Kemia, na sijarudishiwa mpaka leo.

Kiti_cha_Dirishani

Hahahaha ukoo mzima umo humu. Nani kaja na mbege?

Mjukuu_wa_Kota

Binamu, usimwambie baba yako bado.

Jana usiku nimeongea na bibi saa nzima na nusu, muda wa maongezi wote umekwisha. Nimeandika huku anaongea. Mjue kwanza bibi si Mchaga. Ni Mluguru wa Matombo, kalelewa misheni, Mkatoliki wa rozari. Alikuja Morogoro mjini kukaa na dada yake, Mji Mpya. Nawawekea kama alivyosema:

"Mimi babu yako sikumkuta kanisani. Wanasema nilimkuta kanisani kwa sababu nilinyamaza. Nilimkuta ukumbini, dada yangu kanipeleka, na sikuwa na ruhusa ya mtu. Kuna mtu anapuliza kafumba macho. Wenzake wanacheka na wasichana, yeye kafumba macho. Nikamwambia dada, huyu anasali au anapiga cha-cha-cha? Dada akasema muulize. Nikamuuliza. Akasema, 'Nahesabu.' Ndiyo neno la kwanza aliniambia mume wangu. Nahesabu."

Nikamuuliza, kwa hiyo mlioana lini? Akaniambia nisubiri, si vitu vya kukimbilia. Maana kuna suala la wajomba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa Wachaga ni wa baba na kihamba chake. Wajomba wa bibi waliketi na wazee waliotoka Machame, pande mbili zikamdai mtoto ambaye hajazaliwa. Bibi anasema walimaliza pombe za pande zote mbili na hawakufikia mwafaka, wakaishia kuwaacha waoane. Mpaka leo kwetu kuna watu wawili wenye haki ya kusema neno la mwisho kwenye kila jambo, na huwa wanalisema wote.

Baba mkubwa akazaliwa 1967. Kumbe akiwa na miaka minne alikuwa anapelekwa mazoezini mabegani kwa babu, anawekewa manyanga mkononi. Binamu, baba yako huyo. Mzee wa kanisa.

Tuisheni_ya_Bure

Siwezi kupumua.

Mjukuu_wa_Kota

Sasa 1972.

Nilimuuliza bibi: ni kweli alimpokea Bwana akaacha dansi? Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha:

"Hakuacha. Aliachishwa na meno."

Ilikuwa usiku, mvua za masika, wanapanga treni ya mizigo. Kazi ya shanta unakimbia sambamba na behewa linalotembea, unarukia ngazi, taa iko mkono mmoja. Kokoto zina maji. Mguu ukateleza, mdomo ukakutana na chuma cha ngazi. Bahati yake alianguka nje ya reli. Meno mawili ya juu ya mbele yakabaki palepale, la chini moja likang'olewa hospitali. Mdomo wa juu ukashonwa.

Bibi anasema kidonda kilipopona, akalitoa tarumbeta. Akaweka mdomoni. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, hewa na mate. Akalirudisha kwenye mfuko wake. Wenzake walikuja kumwita mara tatu, mara ya nne hawakuja. "Alilia miezi mitatu," bibi anasema, "na mimi nilikuwa na watoto wawili wadogo na mwanaume analia kama mtoto wa tatu. Nikamwambia twende kanisani kwenu basi, maana kwangu amekataa kwenda. Tukaenda. Nikabaki hukohuko."

Hiyo ndiyo sentensi ya baba mkubwa: mwaka 1972 alimpokea Bwana.

Besi_ya_Usharika

Nimekuwa nasoma kimya, sasa naomba niingie. Napiga besi kanisani mwaka wa 19 huu. Watu wanadhani tarumbeta ni mapafu. Ni midomo inayotetemeka, na nyuma ya midomo kuna meno ya mbele yanayoishikilia. Kile kikombe cha tarumbeta ni kidogo, kinakaa pembamba juu ya meno hayo hayo mawili. Yakitoka, mdomo unazama ndani, hakuna cha kuegemea, noti za juu kwaheri. Besi kikombe chake ni kikubwa, kinashika karibu mdomo wote, na noti zake za chini hazitaki mgandamizo ule. Mtu mwenye pengo anaweza kupiga besi. Wa kwetu wa zamani hakuwa na meno manne, alikuwa anatikisa madirisha.

Mjukuu_wa_Kota

Besi ahsante sana, maana ndivyo ilivyokuwa. Kuna mchungaji wa pale Morogoro alikuwa na besi kuukuu, imeletwa na usharika rafiki wa Ujerumani, imekaa stoo haina mpigaji kwa sababu ni nzito na haina sifa. Besi haipigi wimbo, inapiga poo, poo. Babu akaichukua. Lile tarumbeta lenye bonde akampa kijana mmoja wa kota, akamfundisha. Kisha wa pili, wa tatu. Mwaka uliofuata Morogoro ikawa na bendi aliyomwahidi mchungaji wa Machame mwaka 1964. Imechelewa miaka minane na ushee, ila ikawa.

Kwa hiyo Mwerezi, mimi nawe hatupingani sana. Nilimuuliza babu mwenyewe mara moja, nikiwa kidato cha pili, kwa nini anapiga besi na si tarumbeta kama wengine. Akasema, "Mungu alichukua meno matatu akanipa chombo kikubwa zaidi." Nilidhani ni utani wa wazee.

Kwaya nayo alifundisha, tonic sol-fa kwenye ubao, do re mi kwa chaki. Waliofundishwa naye wanasimulia kitu kimoja wote: aliongoza kama anapanga mabehewa. Kwaya zingine mwalimu anapepea kama kuku anaoga mavumbi. Babu mkono mmoja unazunguka, soprano njooni, unashuka pole pole, taratibu, taratibu, unakatwa, kimya. Mzee mmoja wa sauti ya tenori aliniambia msibani, ulikuwa ukikosea kuingia unahisi kabisa kuna mtu atapondwa.

Behewa_la_Tatu

Hapa nimecheka peke yangu kwenye daladala. Baba yangu hivyohivyo, alikuwa anamwelekeza mama kurudisha gari nyuma kwa ishara za gadi.

Mjukuu_wa_Kota

Yaliyobaki nayapitia haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, babu akaamka asubuhi akiwa mtu wa TRC, Shirika la Reli Tanzania, kofia ikabadilishwa, mabehewa yaleyale. Akastaafu 1992 na miaka yake 55, akarudi Machame na bibi, besi, na tarumbeta lenye bonde. Alirudi wakati mbaya. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka tangu ule mkataba wa dunia wa kahawa uliposimama 1989, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Yeye aliiacha yake, si kwa msimamo wowote, alisema tu hajui kung'oa kitu kilichopandwa na baba yake. Bibi akajifunza Kimachame uzeeni, na mtori wake sasa unawashinda waliozaliwa hapo, ingawa hawakubali.

Ila redio. Kulikuwa na redio ya mkulima sebuleni. Babu alisikiliza taarifa ya habari, matangazo ya vifo, basi, anazima. Lakini kipindi cha muziki wa zamani kikianza, hakuzima. Alisema "naenda kumwangalia ng'ombe," akatoka, akaiacha inaimba. Siku moja nilimfuata. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Ng'ombe yupo, ameshiba, amelala. Babu amesimama ukutani, kashika mkongojo, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vinabonyeza juu ya ule mti. Cha kwanza, cha kwanza na cha pili, wazi, cha pili. Nilidhani ni uzee, mkono unatetemeka.

Mwaka juzi ndipo nilipojifunza kwamba tarumbeta lina vitufe vitatu.

Chumvi_ya_Pwani

Dada.

Kiti_cha_Dirishani

Nimefuta uzi mmoja wa siasa nilioanzisha leo. Huu unatosha.

Tuisheni_ya_Bure

Samahani binamu. Baba kauona uzi. Sikumwambia mimi, kaona nacheka kwenye simu akaninyang'anya. Amesoma wote, na miwani.

Mjukuu_wa_Kota

Amesemaje?

Tuisheni_ya_Bure

Kwanza kasema bonde lilikuwa kulia, si kushoto. Halafu akakaa. Halafu akasema anakumbuka manyanga. Anasema aliyakumbuka hata usiku ule anaandika, kalamu ikagoma. Shida yake haikuwa dansi. Shida yake ni daftari la mali za usharika, ambalo yeye kama mzee wa kanisa analitunza. Limeandikwa: tarumbeta 1, limeazimwa 1964, kwa kuanzisha bendi Morogoro. Aliogopa akitaja dansi mtu atapiga hesabu kanisani, babu amelala kwenye jeneza pale mbele.

Nikamwambia si lilirudi? Akaenda kulileta hilo daftari. Lipo. Mwandiko wa babu mwenyewe, 1992: "Limerudi. Linapiga."

Mche_wa_Mwerezi

Hapo sina neno. Ila 1968 hawakunywa soda.

Mjukuu_wa_Kota

Hawakunywa soda, Mwerezi, bibi kathibitisha.

Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau, Behewa atakipenda. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ilikuwa imekufa miaka zaidi ya 20, ikarudishwa Desemba 2019. Babu ana miaka 82. Hakuwa na safari wala mgeni wa kumpokea. Akavaa koti, akaomba apelekwe stesheni ya Moshi mjini. Tukasimama na watu wengine wenye simu juu. Treni ikaingia, honi, vigelegele. Mimi narekodi. Nikimtazama babu, hatazami injini kama sisi wote. Anatazama chini, pale behewa na behewa yanaposhikana. Akamwita kijana mmoja wa reli mwenye koti la kuakisi mwanga, akamnong'oneza. Yule kijana akacheka, akapiga saluti. Nikamuuliza babu umemwambia nini. "Nimemwambia akikimbia afunge mdomo."

Behewa_la_Tatu

Naenda kumpigia mama.

Besi_ya_Usharika

Tarumbeta lenyewe liko wapi sasa?

Mjukuu_wa_Kota

Lipo usharikani. Analo msichana wa kidato cha tatu, anapiga sauti ya pili. Bonde fundi alitaka kulinyoosha, baba mkubwa akakataa. Nimehakikisha leo kwa macho yangu, ni kulia kweli, kama unalishika wewe. Kushoto ni kwenye picha. Kwa hiyo sote tulikuwa sahihi, na hilo kwenye ukoo wetu halijawahi kutokea.

Niko Machame tangu juzi. Kesho Pasaka. Wanaanzia makaburini saa 11 alfajiri, kisha wanapita vihamba vyenye kaburi jipya, na kwetu wamesema watafika kabla ya saa 12. Bibi ameshaandaa kanga na kiti cha plastiki. Ameniuliza kama yule msichana anaweza kupiga kitu kingine kidogo wakimaliza tenzi, kifupi tu, watu wakishaanza kuondoka. Nimemwambia akaombe ruhusa kwa baba mkubwa.

Wako jikoni sasa, naona wanaongea kwa sauti ya chini. Nimetega alamu saa 10.